Mwanangu aliumwa na nge kisiginoni: je, sumu imeugusa moyo wake?

*Assalaam aleikum, daktari. Ninaishi Micheweni, Pemba. Wiki tatu zilizopita mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 7, aliumwa na nge kwenye kisigino alipotoka usiku kwenda chooni bila ya viatu. Alilia sana, na baada ya kiasi cha nusu saa alitapika mara mbili, akatokwa na jasho mwili mzima na mikono ikawa ya baridi. Majirani walimfunga kamba juu ya kifundo cha mguu, wakampaka kitunguu thomu na mafuta ya taa. Tulimpeleka kituo cha afya, akachomwa sindano, tukaambiwa turudi nyumbani. Asubuhi aliamka mzima. Sasa kaka yangu anayefanya kazi Oman ameniambia kwamba mwenzao mmoja huko aliumwa na nge akafariki, na madaktari walisema moyo ulishindwa na mapafu yakajaa maji. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Sumu ya kisigino inafikaje moyoni? Mwanangu anasema kisigino bado kinamfanya ganzi, na juzi aliporudi kucheza mpira niliona kifua kinamwenda mbio. Je, moyo wake umeharibika? Na ikitokea tena, nifanye nini?*

Waaleikum salaam, mama, na pole kwa usiku ule na kwa usiku wote uliokesha baada yake. Nitaanza na lile linalokunyima usingizi. Mtoto aliyeumwa na nge, akaamka asubuhi mzima, akaendelea kula, kucheza na kulala vizuri kwa wiki tatu, hana moyo uliokuwa ukiharibika kimyakimya muda wote huo kwa sababu ya sumu ya nge. Madhara ya sumu hii kwa moyo na mapafu hujitokeza haraka, mara nyingi ndani ya saa chache za mwanzo, na kwa kawaida huonekana wazi ndani ya saa 24. Hayajifichi mwilini yakaja kuzuka mwezi unaofuata.

Hata hivyo, sitakwambia kwamba usiku ule lilikuwa jambo dogo, kwa kuwa halikuwa dogo. Maumivu makali ya kisigino peke yake yangekuwa na maana moja, lakini kutapika, jasho la mwili mzima na mikono kuwa ya baridi ni dalili kwamba sumu ilikuwa imeshavuka kisigino na kuanza kuuchokoza mwili wote. Mtoto wa umri wake mwenye dalili hizo anastahili kubakishwa chini ya uangalizi mpaka zitulie kabisa, ikiwezekana hadi siku ya pili, apimwe presha, mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni kila baada ya muda mfupi. Ninayasema haya ili ukijikuta tena mbele ya hali kama ile, kwa huyu au kwa mtoto mwingine, uwe na nguvu ya kusema kwa heshima, "Naomba abakie hapa mpaka asubuhi."

Umeuliza sumu ya kisigino inafikaje moyoni. Wengi huifikiria sumu kama msafiri anayepanda taratibu kutoka mguuni, na kwamba akizuiwa njiani kwa kamba hatofika. Sumu ya nge haifanyi kazi hivyo. Ni mchanganyiko wa protini ndogo mno ambazo huingia kwenye damu kwa haraka, na shabaha yake kubwa ni mishipa ya fahamu, ambayo imeenea kila mahali mwilini. Kila mshipa wa fahamu hupeleka ujumbe kwa kufungua na kufunga milango midogo inayopitisha chumvi ya sodiamu. Mlango hufunguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, ujumbe ukapita, kisha ukafungwa. Sumu za nge walio hatari huishika milango hiyo na kuichelewesha kufunga, na hapo mshipa mmoja uliotakiwa kutoa ujumbe mmoja hutoa ujumbe mfululizo bila ya kupumzika.

Mishipa inayoathirika zaidi ni ile inayoendesha mambo tusiyoyaamrisha wenyewe, yaani mapigo ya moyo, jasho, mate, matumbo na upana wa mishipa ya damu. Kwanza huchangamka upande unaoleta kutapika, mate kujaa mdomoni, jasho na, kwa wanaume na watoto wa kiume, uume kusimama wenyewe bila ya sababu. Dalili hiyo ya mwisho watu huionea haya na hawaisemi, ilhali kwa daktari ina uzito mkubwa, kwa hivyo isifichwe. Kisha huchangamka upande wa pili, ambao ndio wenye hatari. Ncha za mishipa ya fahamu pamoja na tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na noradrenalini kwa kiasi kisicho cha kawaida. Mishipa ya damu hubana, mikono na miguu hupoa, presha hupanda na moyo hukimbia.

Sasa fikiria kazi unayoupa moyo hapo. Unatakiwa kusukuma damu kwenye mishipa iliyobanwa, kwa kasi kubwa, huku wenyewe ukiwa umefurika kemikali hizo ambazo kwa wingi ule huudhoofisha msuli wake. Moyo wa mtoto, hata ulio mzima kabisa, unaweza kuanza kulegea. Chumba cha kushoto, kile kinachosukuma damu kwenda mwilini, kikishindwa kutoa damu kama inavyoingia, damu hurudi nyuma kwenye mapafu, mfano wa mtaro ulioziba mdomo wakati wa masika. Presha kwenye vishipa vyembamba vya mapafu hupanda na maji huvuja kuingia kwenye vifuko vya hewa. Sumu yenyewe na mvurugiko unaoufuatia huweza pia kuvifanya vishipa hivyo vivuje zaidi. Haya ndiyo "maji kwenye mapafu" uliyoelezwa na kaka yako. Hayaingii kutoka nje ya mwili wala hayatokani na maji ya kunywa. Mgonjwa huanza kwa kikohozi kikavu na kushindwa kulala chali, kisha pumzi hukata, na hali ikizidi hukohoa mapovu, pengine yenye rangi ya waridi kwa sababu ya damu iliyochanganyika nayo. Presha iliyokuwa juu huporomoka. Mtu akifariki kwa nge, mara nyingi hufariki kwa njia hii.

Kuna jambo moja katika maelezo haya ambalo ninataka ulishike. Udhaifu huu wa moyo, hata pale unapokuwa mkali, kwa kawaida ni wa kupita. Msuli wa moyo umepigwa na butwaa, haujafa. Wagonjwa wanaovushwa zile saa na siku za hatari, kwa wengi wao moyo hurudi kufanya kazi vizuri ndani ya siku chache hadi wiki kadhaa. Kwa hivyo hata kama moyo wa mwanao uliguswa kidogo usiku ule, na sina dalili katika maelezo yako inayonionyesha hivyo, kinachotarajiwa ni kwamba umeshapona.

Kuhusu Oman, kaka yako hakukudanganya, ila nge hawalingani. Duniani kuna zaidi ya aina 2,000 za nge, na wanaojulikana kuua watu ni aina chache mno, takriban wote wa ukoo mmoja, Buthidae. Wapo Afrika ya Kaskazini, Bara Arabu, India, Brazili na Meksiko. Oman ina nge wa jangwani wa jamii za Androctonus na Leiurus, ambao sumu yao inajulikana sana kwa kuushambulia moyo. Katika maeneo makavu ya Tanzania bara wapo nge wa jamii ya Parabuthus, ambao sumu yao hutesa zaidi misuli na mishipa ya fahamu, mgonjwa akatetemeka, akatokwa na mate na akashindwa kumeza. Kwenye pwani na bandari za joto za Bahari ya Hindi yupo nge mdogo mwembamba wa rangi ya kahawia yenye madoa, Isometrus maculatus, aliyesambazwa duniani kwa majahazi na meli. Huumiza sana lakini si katika wale wanaoogopwa kwa kuua. Makisio yanayotajwa sana na wataalamu ni kwamba watu zaidi ya milioni 1.2 huumwa na nge duniani kila mwaka, na wanaofariki ni zaidi kidogo ya 3,000. Wengi sana, basi, hupona. Wanaokufa kwa sehemu kubwa ni watoto, kwa sababu kiasi kilekile cha sumu kikiingia kwenye mwili wa kilo 20 huwa na nguvu zaidi kuliko kikiingia kwenye mwili wa kilo 70.

Nimesikia mara nyingi watu wakisema kwamba nge mkubwa mweusi ndiye mwenye sumu kali. Ukubwa si kipimo. Mara nyingi nge mwenye magando manene hutegemea magando yake kukamata mawindo, na yule mwenye magando membamba na mkia mnene ndiye anayetegemea sumu. Hiyo ni alama ya kusaidia tu. Usitumie muda kumtafuta nge gizani ili umtambue, kwa kuwa daktari humtibu mgonjwa kwa dalili alizonazo.

Nije kwenye kamba na kitunguu thomu. Majirani zako walifanya walilolijua kwa nia njema, na ninakuomba usigombane nao. Lakini kamba haizuii sumu ya nge, na ikikazwa hukata damu ya mguu, ikaongeza maumivu na uvimbe, na ikiachwa muda mrefu huweza kuuharibu mguu wenyewe. Kuchanja kwa wembe na kunyonya ni mbaya zaidi, kwa sababu hakutoi sumu na kunaingiza uchafu kwenye kidonda. Mafuta ya taa na kitunguu thomu huchubua ngozi ya mtoto, na jiwe jeusi linalobandikwa halivuti kitu kilichokwisha kuingia kwenye damu. Madhara makubwa ya dawa hizi zote, kwa maoni yangu, ni muda unaopotea. Nusu saa ya kutafuta jiwe ni nusu saa ambayo mtoto angekuwa njiani kwenda hospitali.

Sindano aliyochomwa siijui, kwa hivyo siwezi kuisemea. Ninachoweza kusema ni kwamba katika sehemu nyingi mtu aliyeumwa na nge huchomwa dawa ya mzio na haidrokotisoni kwa mazoea. Haidrokotisoni imechunguzwa Tunisia kwa wagonjwa wengi wa nge na haikuonyesha faida. Ni kweli kwamba mtu mmoja mmoja hupata mzio mkali kwa sumu ya nge, akavimba midomo, akatoka vipele vya kuwasha mwili mzima na presha ikashuka ghafla, na huyo lazima apewe adrenalini bila ya kuchelewa. Lakini mgonjwa mwenye jasho, mikono ya baridi na presha iliyopanda tayari anazama katika adrenalini yake mwenyewe, na kumwongezea ni kumzidishia mzigo. Hali kadhalika dripu. Mtoto aliyetapika na kutoka jasho jingi anaweza kuhitaji maji kidogo kwa kipimo, lakini chupa nyingi zikimiminwa haraka kwa mtoto ambaye moyo wake umeanza kulegea, maji hayo huishia kwenye mapafu. Familia zetu huona dripu kama alama ya kuhudumiwa vizuri, nami ninafahamu kwa nini, ila hapa ni lazima mwamini daktari akisema isiwekwe.

Yapo matibabu yanayosaidia kweli. Maumivu hutulizwa kwa paracetamol, kwa kitambaa chenye barafu na, hospitalini, kwa dawa ya ganzi inayochomwa karibu na jeraha. Mgonjwa aliyepata dalili za mwili mzima hufaidika na dawa iitwayo prazosini, kidonge cha zamani cha presha kinacholegeza mishipa ya damu iliyobanwa na kuupunguzia moyo mzigo. Habari zake zina uhusiano na bahari yetu. Katika pwani ya Konkan, magharibi mwa India, daktari wa vijijini Himmatrao Bawaskar wa mji wa Mahad aliwaona wakulima na watoto wakifa kwa mapafu kujaa maji baada ya kuumwa na nge mwekundu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alianza kuwatibu kwa prazosini, na vifo ambavyo hapo kabla vilikaribia watu 30 katika kila wagonjwa mahututi 100 vilishuka hadi chini ya 4. Mwaka 2011 alichapisha utafiti wa wagonjwa 70, akiwagawa sehemu mbili. Waliopewa prazosini pamoja na dawa ya kuzuia sumu ya nge yule, 32 kati ya 35 walikuwa wamepona kabisa baada ya saa 10. Waliopewa prazosini peke yake, 8 kati ya 35.

Utauliza kwa nini basi kila hospitali isiwe na dawa hiyo ya kuzuia sumu. Dawa ya namna hii hutengenezwa kwa sumu ya nge maalumu, na ya nge wa India haimfai aliyeumwa na nge wa Afrika ya Kusini. Tena, utafiti mkubwa wa Tunisia wa mwaka 1999, uliohusisha wagonjwa 825, ulionyesha kuwa kumpa dawa hiyo kila aliyeumwa, bila ya kuangalia ukali wa hali yake, hakukuleta faida. Kwetu, kinachookoa maisha zaidi ni vitu vinavyopatikana: oksijeni, uangalizi wa karibu, prazosini inapofaa, na kwa moyo uliolegea sana, dawa za mshipa za kuusaidia kusukuma damu na mashine ya kupumulia.

Ikitokea tena, mama, mketishe mtoto, osha jeraha kwa maji na sabuni, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, mpe paracetamol kwa kipimo cha uzito wake kama hatapiki, na tazama saa. Mtu mzima mwenye maumivu ya mahali pamoja tu anaweza kuangaliwa kwa saa 6 akiwa na mtu wa kumtazama. Mtoto mdogo, mjamzito, mzee na mwenye maradhi ya moyo au presha waende hospitali hata kama wanaonekana wazima. Na yeyote anayetapika, anayetoka jasho mwili mzima, anayejaa mate, mwenye mikono ya baridi, macho yanayozunguka, moyo unaokimbia, kikohozi au pumzi fupi, aondoke muda huo huo. Kwa mtu wa Micheweni, hiyo ni hospitali ya wilaya hapo hapo, na kutoka hapo madaktari ndio wataamua kama apelekwe Wete, Chake Chake, Hospitali ya Abdalla Mzee iliyoko Mkoani au avushwe Unguja. Usianze mwenyewe safari ya boti na mtoto anayehema, kwa sababu anahitaji oksijeni kabla ya safari na wakati wa safari. Njiani mwache akae wima, mgongo umeegemea kifua chako, wala usimlaze chali. Kama anatokwa mate na kushindwa kumeza, usimpe chochote kwa mdomo, hata maji ya dafu.

Ganzi ya kisigino isikutishe. Mahali palipodungwa na nge panaweza kubaki na ganzi au mchomo wa sindano sindano kwa siku nyingi, hata wiki kadhaa, na huisha penyewe. Kama kisigino kimevimba upya, kina joto au kinatoa usaha, hilo ni jambo jingine na lionwe na daktari.

Kifua kwenda mbio baada ya mpira kwa kawaida ni kifua cha mtoto aliyekimbia. Kinachonishughulisha ni kama kinatulia. Mtazame akipumzika: ndani ya dakika chache anapaswa kuongea sentensi nzima bila ya kukatika. Ukiona anaachwa nyuma na wenzake, anakaa chini katikati ya mchezo, anakohoa usiku, miguu inavimba au viganja na ndani ya kope vimepauka, mpeleke hospitali bila ya kungoja. Hata hivyo mimi ningempeleka mara moja kwa vyovyote vile, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni usingizi wako, ambao nao una haki. Ya pili ni kwamba watoto wetu wanapochoka haraka, sababu huwa mara nyingi upungufu wa damu, minyoo au pumu, na wengine hubeba ugonjwa wa vali za moyo unaotokana na mafindofindo yasiyotibiwa, na haya yote hayana uhusiano na nge lakini hutibika vizuri zaidi yakigunduliwa mapema. Daktari atausikiliza moyo na mapafu, atampima wingi wa damu na oksijeni, na pengine atampima umeme wa moyo. Kipimo cha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti sioni haja yake ikiwa hayo yote ni mazuri. Akisikia mlio usio wa kawaida, hapo kitahitajika.

Nyumbani, nge hukaa panapokuwa na kiza, ubaridi na wadudu wa kula: kwenye rundo la makumbi, chini ya kuni, kwenye nyufa za ukuta wa mawe, ndani ya makuti yaliyochakaa. Sogezeni makumbi na kuni mbali na njia ya chooni, zibeni nyufa zilizo karibu na vitanda, kung'uteni viatu na nguo zilizolala chini, na mtoto asitoke usiku bila ya viatu na tochi. Tochi ndogo yenye mwanga wa urujuanimno, ile inayotumika kukagulia noti, humfanya nge ang'ae rangi ya kijani gizani, na kwa mwenye watoto wadogo ni kifaa cha kununua.

Ukienda kwa daktari, mweleze kwa mpangilio: saa aliyoumwa, alitapika mara ngapi, jasho lilianza lini na lilikoma lini, na mikono ilichukua muda gani kupata joto. Chukua pia cheti alichoandikiwa kituoni, maana hapo ndipo jina la sindano litakapoonekana.